Kura Bila Daftari Hupotea Bila Habari

 

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Bila shaka walikuwa wakiwaza habari za duka na wadeni. Leo nataka tuichukue methali hiyo tuipeleke kwenye kura ya mwananchi, na hasa ile kura ambayo wengi huiona ndogo, yaani ya kumchagua mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti.

Swali ambalo wasikilizaji hunijia nalo mara kwa mara, kwa barua, kwa simu na hata njiani, ni hili: "Katika wadi yetu tunaamini karatasi za matokeo zilichezewa. Tunataka serikali ichunguze. Tuanzie wapi?" Wengi wanaouliza hivyo huwa wameshapiga kelele vya kutosha. Wamekwenda kwa chifu, wamekwenda kwa mbunge, wameandamana hadi kwenye lango la ofisi na kurudi nyumbani na vumbi la njiani. Pengine wana haki yao kabisa. Lakini ukiwauliza ni karatasi gani hasa iliyochezewa, ya kituo kipi, na tofauti ni ya kura ngapi, hunyamaza.

Ndiyo maana leo nataka kulieleza jambo hili polepole. Anayetaka rekodi za uchaguzi zichunguzwe, kwanza azijue rekodi zenyewe, kisha aziombe, na aziombe mapema. Malalamiko yasiyotaja karatasi yoyote hayachunguziki, hata yakimfikia afisa mwenye nia njema kuliko wote.

Tuanze na safari ya kura yenyewe. Kituo kinapofungwa jioni, kura huhesabiwa papo hapo, mbele ya mawakala wa wagombea. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700 walioandikishwa, kwa hiyo hesabu yake si ya kumshinda mtu aliyesoma. Afisa msimamizi wa kituo huandika matokeo katika fomu. Kila kiti kina fomu yake. Ya urais ni Fomu 34A, na ya mwakilishi wa wadi ni Fomu 36A. Mawakala hutia sahihi, kila mmoja hupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa mlangoni ili kila mpita njia aione. Wakala akikataa kutia sahihi anatakiwa kueleza sababu, lakini kukataa kwake peke yake hakubatilishi matokeo.

Kutoka hapo fomu hupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge, ambaye hujumlisha vituo vyote vya wadi na kumtangaza mshindi. Pamoja na fomu huja masanduku yaliyofungwa kwa lakiri zenye nambari, na kitabu cha kumbukumbu za kituo, ambamo huandikwa mambo yaliyotokea siku ile: saa ya kufungua, nambari za lakiri, mawakala waliofika, na malalamiko yaliyotolewa. Haya yote kwa pamoja ndiyo rekodi za uchaguzi. Ndiyo daftari la duka letu.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme wakala wa mgombea ana nakala ya Fomu 36A inayoonyesha kwamba mtu wake alipata kura 214 katika darasa fulani. Kwenye jumla ya wadi, darasa lilo hilo limeandikwa 124. Hizo ni kura 90 zilizopotea kati ya mlango wa darasa na meza ya kujumlisha. Ikiwa mgombea huyo alishindwa kwa kura 60, basi mshindi si yule aliyetangazwa. Huenda ni mkono uliochoka saa tisa za usiku ukageuza tarakimu. Huenda ni mkono uliolipwa. Kwa kutazama namba peke yake huwezi kujua, na hapo ndipo uchunguzi unapohitajika.

Kenya ina wadi 1,450. Katika wadi hizo ndiko zinakoamuliwa habari za zahanati, soko, maji, takataka, taa za barabarani na madarasa ya chekechea. Mama muuza mboga anayenyeshewa kwa sababu soko halina paa, mwenye uamuzi juu ya paa lile si rais. Lakini usiku wa matokeo, macho yote, kamera zote na sisi wanahabari wote huwa tumeielekea fomu ya urais. Mwaka 2022, fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye mtandao wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yaani IEBC, na kila mwenye simu aliweza kujijumlishia mwenyewe. Fomu 36A hazikupata bahati hiyo. Mtu wa wadi alibaki kutegemea nakala ya wakala na karatasi iliyobandikwa mlangoni. Na karatasi ya mlangoni nimeiona mara nyingi: ikifika asubuhi imeloa mvua, au imechanwa, au imepeperushwa na upepo na watoto wanaichezea.

Nchi hii ililipa bei kubwa kujifunza thamani ya karatasi hizo. Tarehe 27 Desemba 2007 tulipiga kura tatu kwa pamoja, ya rais, ya mbunge na ya diwani. Siku tatu baadaye matokeo ya urais yakatangazwa na moto ukawaka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Mwaka 2008 ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Johann Kriegler, jaji mstaafu kutoka Afrika Kusini, ikakabidhi ripoti yake Septemba mwaka huo huo.

Wengi wetu tulitazamia kwamba tume ile ingetuambia nani alishinda. Haikutuambia. Ilisema kwamba shughuli nzima, tangu daftari la wapiga kura hadi kuhesabu, kujumlisha na kupeleka matokeo, ilikuwa na kasoro nyingi hata haikuwezekana kujua matokeo ya kweli. Daftari la wapiga kura lilikadiriwa kuwa na majina ya wafu wapatao milioni 1.2. Na juu ya yale madai kwamba wizi ulifanyiwa kwenye ukumbi mkuu wa Nairobi, tume haikupata ushahidi. Uovu mkubwa zaidi iliuona huko chini vituoni. Kabla ya mwaka 2008 kwisha, Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyoivunja tume ya uchaguzi ya wakati ule.

Fikiria, msikilizaji. Watu walikuwa wamekwisha kufa, na mchunguzi aliyekuja na mamlaka yote hakuweza kusema nani alishinda, kwa sababu daftari halikuaminika. Uchunguzi hauwezi kuzalisha ukweli ambao haukuandikwa, wala ule ulioandikwa ukafutwa.

Miaka kumi baadaye tukapata somo la pili. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, ikiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Mshindi aliyetangazwa alikuwa mbele kwa zaidi ya kura milioni moja. Hata hivyo mahakama ilitazama jinsi matokeo yalivyopitishwa na kuthibitishwa. Baadhi ya fomu hazikuwa na alama za usalama, na mahakama ilipoagiza mitambo ya kompyuta ya tume ifunguliwe, agizo hilo halikutekelezwa kikamilifu.

Mwaka 2022 ikawa kinyume chake. Fomu zilikaguliwa kwa amri ya mahakama, zikaonekana hazitofautiani kwa maana na zile zilizowekwa mtandaoni, na ushindi ukathibitishwa. Kumbe karatasi hiyo hiyo inayomwangusha mdanganyifu humkinga mshindi halali.

Baada ya hayo, turudi kwa mtu wa wadi. Anasema, "Serikali ichunguze." Lakini serikali si nyumba yenye mlango mmoja. IEBC ni tume huru kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010. Chifu, gavana au waziri hawezi kuiamuru ifungue sanduku. Kwa hiyo ni lazima ujue kila shida ina mlango wake.

Mlango wa kwanza ni IEBC yenyewe. Katiba, katika kifungu cha 86, inaibebesha wajibu wa kuhakikisha kura zinahesabiwa kwa usahihi na kwamba vifaa vya uchaguzi vinatunzwa salama. Katika kifungu cha 35, Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari ikaeleza namna. Unaandika ombi, na sheria inataja wazi kwamba laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumsaidia ombi lake lishughulikiwe. Hulazimiki kueleza unazitakia nini habari hizo. Hakuna ada ya kuomba, ila gharama ya kutoa nakala. Afisa anatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Akinyamaza, sheria huhesabu kwamba amekataa, nawe waweza kupeleka malalamiko kwa tume ya malalamiko ya umma, ile ijulikanayo kama Ombudsman.

Mlango wa pili ni mahakama. Kama unataka ushindi wenyewe utenguliwe, hakuna njia nyingine. Baada ya matokeo kutangazwa, IEBC haina tena mamlaka ya kusikiliza ubishi juu ya nani alishinda. Kesi ya wadi husikilizwa na hakimu mkazi. Hufunguliwa ndani ya siku 28 tangu matokeo kutangazwa, huwekewa dhamana ya shilingi 100,000, na hukatwa ndani ya miezi sita. Hakimu anaweza kuamuru masanduku yaletwe, kura zikaguliwe na zihesabiwe upya.

Mlango wa tatu ni polisi na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Huu ni wa jinai. Ikiwa una sababu ya kuamini kwamba afisa aliandika uongo kwenye fomu kwa makusudi, au aliharibu karatasi, hilo ni kosa chini ya sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016. Unapiga ripoti kituoni na unahakikisha umepewa nambari ya OB. Polisi wakikalia jambo, unamwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa sababu Katiba inampa uwezo wa kumwagiza Inspekta Jenerali achunguze.

Mlango wa nne ni Bunge. Kila mtu ana haki ya kuliandikia ombi, nalo laweza kuwaita maafisa mbele ya kamati. Mlango huu haurudishi kura yako, lakini unafaa pale kasoro inapokuwa ya mfumo, si ya darasa moja.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapoumia. Mahakama inakupa siku 28. Ombi la habari laweza kujibiwa siku ya 21. Ukiandika siku ya pili baada ya matokeo, jibu laweza kukufikia siku ya 23, na unabaki na siku tano za kumtafuta wakili na dhamana. Ukipoteza siku kumi za mwanzo kwa maandamano na mikutano ya hasira, jibu litafika siku ya 31, na mlango wa mahakama umekwisha kufungwa. Kwa hiyo mwenye busara huandika ombi lake mara moja, na huku akiandaa kesi kwa nakala alizo nazo, bila kungoja.

Iko saa nyingine inayokwenda taratibu zaidi. Kanuni za uchaguzi zinaagiza karatasi zihifadhiwe miaka mitatu baada ya matokeo, kisha ziharibiwe, isipokuwa tume au mahakama iwe imeagiza vinginevyo. Tulipiga kura tarehe 9 Agosti 2022. Miaka mitatu ilitimia Agosti 2025. Anayekuja leo kuomba sanduku la mwaka 2022 asishangae akiambiwa limekwisha kuteketezwa, na kuteketezwa huko kukawa halali kabisa.

Barua yenyewe iandikwe vipi? Fupi, yenye tarehe, na yenye mambo yanayoweza kuthibitishwa. Taja jina la wadi, kituo, na nambari ya darasa au mkondo. Taja fomu kwa nambari yake. Andika tarakimu iliyo kwenye nakala yako, na ile iliyo kwenye jumla ya wadi. Ambatisha nakala, usitoe ile ya asili. Kisha omba jambo mahususi: Fomu 36A ya kituo hiki, kitabu cha kumbukumbu cha kituo hiki, orodha ya nambari za lakiri za sanduku hili. Omba pia kwa maandishi kwamba karatasi hizo zisiharibiwe kabla shauri kumalizika. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, na uihifadhi kama hati ya shamba.

Usiandike kwamba fulani ni mwizi. Andika kwamba namba mbili hazilingani na unaomba maelezo. Ukimwita mtu mwizi bila ushahidi, kesho utakuwa wewe ndiwe mshtakiwa, na habari ya kura itasahaulika. Namba zisizolingana zinajisemea zenyewe.

Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Afisa wa kituo mara nyingi ni mwalimu au kijana aliyeajiriwa kwa siku chache. Ameamka kabla ya alfajiri, amehesabu kura za viti sita, na anajaza fomu chini ya taa ya kandili huku mawakala wakimfokea. Makosa hutokea bila hila. Ndiyo maana sheria haifuti uchaguzi kwa kila kosa. Mahakama hutazama kama kasoro iligusa matokeo, au kama uchaguzi uliendeshwa kinyume cha misingi ya Katiba. Kwa hiyo anayeomba uchunguzi awe tayari kusikia jibu lisilompendeza. Uchunguzi ukionyesha kwamba tofauti ilikuwa kura tatu na mshindi alishinda kwa 400, mwungwana humpa mwenzake mkono.

Lakini afisa naye asichukulie ombi la mwananchi kuwa ni uchokozi. Aliyekuja na barua amechagua kalamu mahali ambapo wengine, mwaka 2008, walichagua panga. Kumzungusha leo njoo kesho, huyu hayuko, yule amekwenda semina, ni kumfundisha kwamba kalamu haina kazi. Na mtu akishafundishwa hivyo, hatuwezi kujua ataishika nini safari ijayo.

Iko kazi ambayo haingoji serikali. Uchaguzi mkuu ujao umepangwa na Katiba kuwa Agosti 2027. Vyama na wagombea wa wadi hutumia fedha nyingi kwa fulana na vipaza sauti, kisha humweka wakala asiyejua kusoma fomu, ambaye anaondoka kituoni saa mbili usiku kutafuta chakula. Wakala mmoja aliyefunzwa, aliyekaa hadi mwisho, akapata nakala yake na kuipiga picha iliyo wazi, ana faida kuliko fulana mia. Nanyi wakazi, fomu ikibandikwa mlangoni, ipigeni picha usiku ule ule, na iwe na nambari ya kituo. Hakuna anayewakataza.

Duka lenye daftari zuri haliwazuii watu kudaiana, lakini wakidaiana hufungua kurasa na kusoma. Hilo ndilo tunalolitaka kwa kura ya wadi.

Kwa leo nakomea hapa. Tukutane tena juma lijalo, saa ile ile. Kwaheri.